Mtamba wa Kabula na Mbuzi wa Faini

Mjukuu wangu Neema amerudi juzi kutoka Shinyanga mjini, kwenye semina ya uongozi ya vijana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Amerudi na fulana, kofia, begi la turubai, na kadi yenye jina lake inayoning'inia shingoni. Kadi hiyo hakuivua hata alipokwenda kukamua. Nikamuuliza wamefundishwa nini.

"Uongozi, bibi. Na kujenga mtandao."

"Mtandao ndiyo nini?"

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa: mnajuana na wafugaji wa sehemu nyingine, mnatembeleana, mnapeana mbegu na habari za masoko. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Akanuna, akadhani namdharau.

"Sikudharau," nikamwambia. "Ila hayo tuliyafanya kabla mama yako hajaota meno, kwa filimbi moja, baiskeli za kuazima, na mbuzi."

"Mbuzi wa nini tena?"

Nyinyi vijana wenzake Neema, ninaambiwa mko wengi na wote mna kadi shingoni. Basi someni, huyo mbuzi nitamfikia.

Mimi nilikuwa bibi mifugo. Kazi hiyo niliifanya kwa miguu, kwa baiskeli, na mara chache kwa gari la ofisi pale mafuta yalipopatikana, kuanzia upande wa Shinyanga hadi Ushirombo, Katoro na vijiji vinavyoelekea kwenye machimbo ya dhahabu. Siku zile mwanamke mwenye begi la sindano alikuwa kioja. Kijiji kimoja nilifika asubuhi, mzee akanipokea vizuri, akanipa kigoda, kisha akaanza kuchungulia nyuma yangu.

"Mayu, mama, bwana mifugo amebaki wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Akarudia polepole, akidhani Kiswahili kimetupiga chenga. "Yule anayechoma sindano."

Nikafungua begi, nikamwonyesha sindano. Akaitazama, akanitazama, akafikiri.

"Haya," akasema, "ng'ombe hatajua."

Maneno hayo nilimpelekea mwalimu wangu wa kazi, Mzee Ndaki, naye akayafanya wimbo. Kila nilipoogopa jambo alinicheka: "Fanya tu, ng'ombe hatajua." Mzee Ndaki alikuwa amechoma sindano tangu enzi za wakoloni. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye suruali fupi ya kaki iliyopauka, na alinifundisha mengi ambayo chuoni hayakuwapo. Kupe, alisema, usimtafute mgongoni, maana mgongoni anaonekana na kila mpita njia. Inua mkia, kunja sikio, pekua chini ya kwapa. Michirizi ya kwanza ya maziwa kamulia juu ya kitambaa cheusi. Ukiona madonge, kiwele kinaumwa hata kama ng'ombe anakula vizuri. Na usiingie kwenye mji wa Msukuma, yaani boma lake, ukamuuliza ana ng'ombe wangapi. Kwao kuhesabu mifugo ni kuiombea mabaya, na isitoshe atadhani umetumwa na kodi. Nilipotoka chuoni niliuliza hivyo nyumba baada ya nyumba, na kila mahali nikajibiwa "wachache tu," huku vumbi la kundi likinifunika kichwa. Mzee Ndaki yeye alikaa, akauliza habari za mvua, za ndama, kisha akauliza nani anaumwa. Kabla ya kuondoka alikuwa ameonyeshwa zizi zima.

Nanyi wa semina nawapeni na hili alilonipa, bure: "Ukitaka kujua kiongozi ni nani, usimwangalie anayesema. Uliza swali, halafu angalia watu wanamtazama nani kabla hawajajibu."

Nililisikia nikalisahau. Nilikuwa kijana, nina chaki mkononi.

Wakati huo serikali ilikuwa inahimiza vijana wafuge ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa kienyeji alitoa maziwa ya kumtosha ndama wake na watoto wa nyumbani. Chotara alitoa ya kuuza. Mpango ukawa hivi: mzazi anatoa madume ya kienyeji, kijana anapewa mtamba chotara, yaani jike changa ambaye hajazaa, kutoka shamba la mifugo. Lakini kwanza vijana wapitie kozi, waunde kikundi, wajue kuongoza. Kozi ya uongozi nikakabidhiwa mimi.

Tuliazimwa darasa Ushirombo. Walikuja vijana wa vijiji kadhaa, wa kike na wa kiume, na wengi wao walitoka kijiji cha Ibambila. Nilichora ubaoni visanduku: mwenyekiti, katibu, mhazini, wajumbe. Nikachora na mishale. Nilijivunia sana ile mishale. Wa Ibambila wakapiga kura pale pale, wakamchagua Masanja, na hata mimi ningemchagua. Masanja alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio. Akisema "Ndugu wajumbe!" mbuzi waliokuwa nje waligeuza shingo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, suruali yake imepigwa pasi, na alijua kusimama.

Mwisho wa uchaguzi alibaki binti mmoja hajapewa kitu, jina lake Kabula. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mzito wa kusema, na ukimkazia macho hainamishi yake. Kwa kuwa kwao kulikuwa karibu na josho, tukampa filimbi ya kuita watu siku ya kuogesha ng'ombe. Cheo hicho hakikuwa na kisanduku ubaoni. Nilikiandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Mzee Ndaki alikuwa amekaa nyuma siku nzima. Tulipotoka akaniuliza, "Umeyaona macho yao?"

"Macho ya nani?"

"Basi hukuyaona," akasema, akapanda baiskeli yake.

Kabula alipata mtamba mzuri, mweusi mwenye mabaka meupe, akamwita Madoa. Baba yake, Mzee Sahani, ndiye aliyetoa madume, na hakuyatoa kwa kupenda. Alikuwa mtu wa kuogopwa pale Ibambila, mpole wa sauti na mgumu wa maneno. Nilikuwapo siku anamkabidhi binti yake kamba.

"Kabula," alisema, "nimetoa madume yangu kwa sababu ya hicho kikundi chenu. Kikundi ndicho kitakachomwogesha, ndicho kitakachomtibu, ndicho kitakachouza hayo maziwa. Kikundi kikifa, mtamba huyu ataingia kwenye mahari ya kaka yako Shija. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Bibi mifugo, na wewe umesikia?"

Nikasema nimesikia. Shija mwenyewe alikuwa ameegemea zizi, anatafuna mua, anamtazama Madoa kama mtu anayetazama shati lake likishonwa. Alikuwa na mchumba upande wa Bukombe, na harusi ilikuwa inangoja ng'ombe.

Sasa ikaja kiangazi, na pamoja na kiangazi ikaja habari kwamba dhahabu imeonekana Nyarugusu. Nyinyi wa leo mnazijua habari hizo. Zikipita kijijini, jembe linaachwa limesimama shambani. Vijana wa Ibambila waliondoka kwa makundi, na mbele yao mwenyekiti wetu Masanja, na katibu nyuma yake. Katibu aliondoka na kalamu ya kikundi mfukoni. Visanduku vyangu vya ubaoni vikabaki na mishale tu.

Yangekuwa hayo peke yake, tungevumilia. Lakini josho lilikuwa limekauka. Mashine ya kuvutia maji ilikuwa imekufa, na njia iliyobaki ilikuwa kubeba maji kwa madebe kutoka lamboni, bwawa la kijiji, ambako nako maji yalikuwa yanarudi nyuma kila wiki. Dawa tulikuwa nayo. Maji ya kuitia hatukuwa nayo. Na ng'ombe chotara si kama wa kienyeji aliyezaliwa na kupe masikioni. Kupe wakimzidi, ndigana, ile homa ya kupe, inamlaza, na akilala haamki. Kijiji cha jirani walikuwa wameshazika mitamba yao. Madoa alikuwa na mimba.

Kabula akapiga filimbi. Wakaja wasichana watatu na shangazi yake. Akapiga tena kesho yake, shangazi hakuja. Ndipo akaja Ushirombo kwa miguu kunitafuta, akanikuta na Mzee Ndaki tunachemsha sindano.

"Shikamoo, bibi mifugo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kabula. Habari za Madoa?"

"Madoa mzima. Kikundi ndicho kinaumwa."

Akatueleza yote. Mimi nikamshauri kisomi kabisa: katiba ya kikundi inasema mwenyekiti asipokuwapo, wajumbe wanaweza kuitisha mkutano maalumu, na mkutano huo... Mzee Ndaki akaanza kucheka chini chini, mabega yanatikisika.

"Binti," akasema, "kwenu vijana wakitaka kwenda kulima shamba la mtu, nani anawaita?"

"Nsumba ntale."

Nawaeleza nyinyi mliokulia mjini. Katika vijiji vya Wasukuma vijana walikuwa na chama chao cha kazi, na huyo nsumba ntale ndiye mkuu wao. Akiita, wanakwenda kwa pamoja, wanalima kwa nyimbo, mwenye shamba anawalisha. Wazee hawaingilii. Ni serikali ya vijana, na ilikuwapo kabla ya serikali nyingi.

"Na asiyekwenda?" akauliza Mzee Ndaki.

"Anatozwa mbuzi. Wenzake wanakwenda kumchukua kwao, wanamla."

"Akikataa?"

Kabula alishangaa swali lenyewe. "Hakatai. Nani atamzika?"

Mzee Ndaki akarudi kwenye sindano zake. Kabula akasimama palepale, nikaona wazo linamwingia taratibu, na woga nao unafuata nyuma yake.

"Lakini mzee, nsumba ntale ni mwanamume."

"Josho litajua?" akasema Mzee Ndaki.

Kabula akarudi Ibambila. Hakuitisha mkutano maalumu. Alipita mji kwa mji jioni, akiwauliza vijana waliobaki kama wanakubali kwamba kazi ya josho iwe na faini ya mbuzi kama kazi ya shamba. Wakakubali wote, na walikubali haraka kwa sababu walidhani ni mchezo. Nani angethubutu kumtoza? Yule binti wa filimbi?

Asubuhi iliyopangwa mimi nilikuwapo, nimelala kwa mwenyekiti wa kijiji. Filimbi ikalia ng'ombe wangali zizini. Nikatoka, na nilichokiona kilinifurahisha: vijana wanatokea kila upande na madebe, wengine wanapiga miayo, wengine wanataniana, lakini wanakuja. Wengi walikuja kutazama nani hatakuja. Tukapanga mstari kutoka lamboni mpaka joshoni, debe likipita mkono kwa mkono, nyimbo za shamba zikaanza zenyewe. Jua lilipopanda, maji yakawa yameanza kupendeza machoni. Ndipo mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, Shija wa Mzee Sahani yuko wapi?"

Nyimbo zikakatika. Kila mtu alijua Shija yuko wapi. Alikuwa amelala, na alikuwa ametangaza tangu jana kwamba dada yake hawezi kumwamsha kwa filimbi.

Kabula aliweka debe chini. Alijifunga khanga upya kiunoni, akafuta mikono. Sikuona akimwomba mtu ushauri. "Twendeni," akasema.

Nimeona mengi katika kazi hii, nimetoa ndama aliyekufa tumboni na nimekimbizwa na fahali wa watawa. Ila sijawahi kuogopa kama asubuhi ile nikiufuata mstari wa vijana kwenda mjini kwa Mzee Sahani. Kwa sababu nilijua hesabu yake. Kabula akirudi nyuma, faini imekufa, josho limekufa, kikundi kimekufa, na Madoa yuko Bukombe kwenye zizi la wakwe wa Shija. Na akisonga mbele, anakwenda kumdai baba yake mzazi.

Mzee Sahani alitoka akiwa amesikia nyimbo kutoka mbali. Alisimama mlangoni mwa zizi, fimbo mkononi.

"Mwangaluka," akatusalimu. Tukaitika. "Nani amewatuma?"

Wote, wa kiume na wa kike, wakageuka wakamtazama Kabula. Hapo ndipo nilipoyaona yale macho aliyoniambia Mzee Ndaki, na nikaona haya kwa ajili ya mishale yangu.

Kabula akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kudai mbuzi nyumbani kwako?"

"Sijaja nyumbani, baba. Tumekuja kwa Shija."

"Na mbuzi ni wa nani?"

"Ni wako, baba. Shija hana mbuzi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Shija akatoka ndani akiwa na shuka begani, macho yamevimba kwa usingizi. Mzee Sahani hakumtazama bado.

"Filimbi ilipigwa jua likiwa wapi?"

"Lilikuwa halijatoka. Ng'ombe walikuwa zizini."

"Mlikubaliana wote?"

"Wote, baba. Na yeye alikubali."

Sasa akamgeukia Shija. "Uliisikia filimbi?"

"Niliisikia, lakini..."

"Lakini nini?"

Shija akaangalia chini. Mzee Sahani akaingia kwenye banda la mbuzi yeye mwenyewe. Tulidhani atatoka na kambuzi kamoja kenye upele. Akatoka amemshika pembe dume mnono wa rangi ya majivu, aliyekuwa anamlisha kwa ajili ya sikukuu, akamkabidhi Kabula.

"Mimi nilikuwa nsumba ntale hapa kabla hamjazaliwa," akatuambia. "Nilimtoza mjomba wangu, na nilitetemeka kuliko huyu."

Vijana walipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Mimi nililia, nasema wazi, nililia mbele za watu na begi langu la sindano. Mzee Sahani aliinua fimbo kutunyamazisha.

"Mbuzi nimetoa," akasema. "La mtamba liko palepale."

Josho lilijaa siku ile. Shija alibeba maji mpaka jioni bila kuambiwa, na nyama alipewa kama wengine.

Madoa alizaa jike. Maziwa yakawa mengi, na hapo tukakutana na jambo ambalo ubao wangu haukulifikiria. Kijijini hakuna anunuaye maziwa, kila mtu ana ng'ombe. Mzee Sahani alipita akatazama vibuyu vimejaa, akauliza, "Mtayanywa yote?" Alikuwa anakumbusha sharti lake.

Kabula akafikiria Nyarugusu. Wachimbaji wanashinda kwenye vumbi la mawe, na wao wanaamini maziwa yanasafisha kifua. Lakini nani atauza? Wengine kwenye kikundi walitaka Masanja afukuzwe kwa kutukimbia. Kabula aliwasikiliza, halafu akasema sentensi ambayo ningeiandika ubaoni kama ubao ungekuwa bado wangu: "Mdomo wake tunauhitaji, na sasa hivi uko sokoni." Akamtumia salamu. Masanja, aliyekuwa hajaona dhahabu hata ya kujaza ukucha, alijibu siku ileile kwamba yuko tayari kuwatumikia ndugu wajumbe.

Mzigo wa kwanza aliupeleka Shija kwa baiskeli. Tulikuwa na keni moja tu ya aluminiamu, haikutosha, na kina mama wa Ibambila kwa moyo mweupe wakatuazima vibuyu vyao vizuri kabisa vya maziwa. Nyinyi mnaofuga mnajua kilichotokea, lakini kwao haikuwapitia akilini. Kibuyu kizuri cha Kisukuma hakioshwi kwa sabuni. Kinafukizwa moshi, kinaachwa na utando wake wa zamani, na mama mwenye kibuyu cha namna hiyo anasifiwa, kwa sababu maziwa yanaganda yenyewe yakiwa matamu. Kila mama alileta kile chake cha kujivunia. Jua na mtikisiko wa baiskeli vikafanya kazi iliyobaki.

Shija alipofungua mbele ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, yakatoka madonge. Watu walikuwa wamepanga mstari wakingoja maziwa mabichi. Shija alitaka kupanda baiskeli akimbie. Masanja akapanda juu ya rundo la mawe.

"Ndugu wachimbaji! Maziwa mabichi ni ya watoto. Wanaume wa duarani tumewaletea mgando wa Ibambila!"

Wakaonja. Walikuwa wanakula viazi vikavu, matobolwa, bila kitoweo cha maana. Shija alirudi na vibuyu vitupu na agizo la kuleta vingine, na ole wetu tulete mabichi. Mimi niliyekuwa nimewafundisha kozi nzima kwamba vyombo vichemshwe na visuguliwe kwa majivu, nilikuja kuwafundisha upya: keni isuguliwe, kibuyu kiachwe na utamu wake, na visichanganywe kamwe.

Kutoka hapo mambo yalienda. Mgando ulifika Katoro sokoni. Nkome, kando ya ziwa, tulibadilishana na wavuvi, wao wakatupa dagaa wa kulishia kuku. Vikundi vingine vya vijana vikataka kuja kuona, nasi tukaweka utaratibu ambao nyinyi mngeuita mtandao: mgeni analala kwa mfugaji mwenzake, na asubuhi mgeni ndiye anayekamua ng'ombe wa mwenyeji. Hakuna semina inayoshinda hiyo. Ukimwona mtu anavyokamua ng'ombe asiye wake, umemjua. Mashudu ya pamba tuliyapata hivyo, kutoka kwa kijana wa upande wa Shinyanga ambaye mjomba wake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Madume ya mbegu tuliazimana hivyo pia. Na uchaguzi ulipofika tena, Masanja mwenyewe, kwa ile sauti, ndiye aliyesimama kumpendekeza Kabula.

Harusi ya Shija ilichelewa, na ilipokaribia, wakwe wa Bukombe wakaongeza neno. Walikuwa wamepata habari za maziwa. Katika mahari walitaka mtamba chotara, na walimtaja kabisa: binti wa Madoa, kwa Kabula. Na chotara hakutoka Ibambila bila kikundi kukubali.

Kikundi kilikuwa kinakutana pale joshoni, tumekaa juu ya magogo. Tulikuwa katikati ya mjadala wa pumba nilipomwona Mzee Sahani anakuja. Tukamsalimu. Kijana mmoja alitaka kumwachia nafasi ya mbele, akakataa, akaketi mwisho wa gogo la nyuma. Baada ya muda akanyoosha mkono.

"Mzee Sahani, tumekuona," akasema Kabula. "Utasema zamu yako ikifika."

Mzee Sahani akashusha mkono. Akangoja. Akasikiliza habari za pumba mpaka mwisho, za bei ya kamba, na za keni iliyotoboka. Zamu yake ilipofika akasimama, akavua kofia.

"Ndugu mwenyekiti," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akaeleza ombi lake vizuri, kwa ufupi, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. Kabula alimsikiliza, kisha akaondoka kwenye kiti, akasema jambo hili ni la nyumbani kwao, wenzake ndio waamue. Akaenda kusimama ukutani mwa josho akitugeuzia mgongo.

Vijana walijadiliana kwa heshima na kwa ubishi. Walitoa uamuzi uliotoka kwenye desturi ya baba zao, ile ya kumwekea rafiki ng'ombe zizini mwake afaidi maziwa, lakini uzao unajulikana ni wa nani. Mtamba ataenda Bukombe. Jike wa kwanza atakayezaliwa atapewa kijana mwingine wa kule, na bibi harusi mwenyewe atapitia kozi kwanza.

Mzee Sahani alishtuka. "Yaani nimpelekee mkwe wangu ng'ombe mwenye masharti?"

Kabula akageuka pale ukutani.

"Baba, hata mimi nilipokea mtamba mwenye masharti."

Mzee Sahani akaanza kucheka, kicheko kilichotoka chini tumboni, akaketi kwenye gogo akijipangusa macho kwa kofia. "Wabeja, ahsante, mwenyekiti," akasema. "Masharti yangu nimeyaondoa. Yenu nayapeleka."

Aliyapeleka. Yule bibi harusi alipitia kozi, na baadaye akaongoza kikundi chao kule Bukombe, na jike aliyezaliwa akaenda mji mwingine, na wa huko akaenda mbele. Mimi nimestaafu na nimesahau majina ya dawa nyingi, lakini njia aliyopita ng'ombe yule naijua mji kwa mji, na ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Lakini Neema, hukuniuliza hayo, uliniuliza habari za mbuzi. Basi nimalizie na hili. Kiangazi kilichofuata harusi ya Shija, josho lilikauka tena. Kabula akapiga filimbi alfajiri, vijana wakatoka na madebe. Wazee hawakuhusika, faini haikuwagusa. Mimi nilikuwa pale ukingoni na dawa yangu nilipoona mtu anatangulia mbele ya vijana wote, debe begani, kofia imerudishwa nyuma, anatembea kwa haraka ya mtu anayeogopa kuchelewa. Alikuwa Mzee Sahani.

Kabula akamkimbilia. "Baba, si lazima wewe."

Akaweka debe lake kwenye mstari.

"Filimbi nimeisikia," akasema.